Mito ya Baba Pacha

Kama umewahi kukalia kochi la Baba Pacha, huhitaji kuelezwa: huzami. Unakaa juu juu, mgongo wima, magoti pamoja, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Wapo wanaonung'unika kwamba makochi yake ni magumu, na yeye huwajibu kwamba anayetaka kulala aende kitandani. Kochi lake likiingia nyumbani kwako leo, wajukuu zako watalirithi, na bado litakuwa halijabonyea. "Kochi likibonyea," husema, "ujue fundi ndiye aliyebonyea." Akishasema hivyo hugonga meza kwa nyundo, kesi imekwisha.

Lakini habari hii si yake. Ni ya mkewe, Mama Pacha, aliyekaa kwenye cherehani kule nyuma ya karakana tangu mapacha wao wakiwa wachanga, wamelazwa ndani ya boksi la sponji, mpaka mapacha wakawa watu wazima wakaenda zao kutafuta maisha. Vitambaa vyote vya makochi yale ameshona yeye. Mume anasifiwa kwa kochi. Mke nani anamkumbuka? Eti kitambaa ni kitambaa tu. Haya, jaribu wewe kusukuma turubai zito chini ya sindano kutwa nzima, umeinama, bega moja juu na jingine chini, halafu njoo uniambie kitambaa ni kitambaa tu.

Maumivu yalianza kiunoni. Yakapanda mabegani, yakashuka mikononi, yakazunguka hadi kwenye nyonga, na kila alipodhani yameondoka, kumbe yamekwenda tu kutazama upande mwingine. Yakakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Kushuka kitandani asubuhi ikawa shughuli ya kupangwa: kwanza kugeuka ubavu, kisha kutuma mguu mmoja sakafuni ukachunguze hali, kisha kusubiri. Na nyuma ya maumivu ukaja wasiwasi. Simu ikilia, moyo unamruka: pacha mmoja amepata ajali. Simu isipolia, hapo ndipo hasa: ajali imewakuta wote wawili.

Alikwenda hospitali. Damu ikapimwa, mkojo ukapimwa, picha ya mgongo ikapigwa. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya kuchoka, alimwambia kwamba haoni kitu. Kwamba maumivu ya namna hiyo yapo, na vipimo havina uwezo wa kuyaonyesha. Baba Pacha alikuwa amekaa pembeni, kofia mkononi. Alisikia ule mwanzo, "sioni kitu," na yaliyofuata yakapita juu ya kichwa chake kwa furaha. Tumtendee haki: kwa wiki nzima alikuwa akiogopa saratani na hakumwambia mtu. Njiani kurudi alinunua soda mbili baridi, akamfungulia mkewe ya kwake kwa meno, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wakiwa wachumba.

Toka siku hiyo, Mama Pacha akisema anaumwa, jibu lilikuwa tayari. "Lakini mama, si daktari alisema?"

Hakulisema kwa ubaya. Yeye ni mtu wa kidole. Mteja akileta kochi linalochoma, fundi anabonyeza, anabonyeza, mpaka anaikuta springi iliyokatika. Anaitoa, anaweka nyingine, mambo yamekwisha. Basi asubuhi moja alimlaza mkewe kifudifudi juu ya meza ya kazi, akatandaza na sponji ili asiumie, akaanza kumbonyeza kuanzia shingoni kushuka. "Hapa? Hapa? Hapa je?" Mama Pacha akajaribu kwa moyo wote kusaidia. Lakini akasema ukweli: "Kote."

"Kote si mahali, mama," akajibu Baba Pacha.

Naye wifi mtu, dada yake Baba Pacha, akija kutembea hakukosa lake. "Wifi yangu huyu anaumwa kila kitu isipokuwa ulimi!" Watu wanacheka, na Mama Pacha anacheka nao, kwani utafanyaje? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nyumba ile usufi haukuwa haba. Akaacha kusema. Akajikaza kisabuni. Ukimuuliza ameamkaje, anasema salama. Ukimuuliza mgongo, anakuuliza habari za watoto.

Aliyemshika uongo alikuwa mteja. Mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyeleta kiti chake kubadilishwa kitambaa. Wote walimwita Nesi, kwa kuwa alikuwa muuguzi wodini miaka mingi kabla ya kuacha kazi hiyo na kuanza nyingine. Baba Pacha alipokuwa nje anapima kile kiti, Mama Pacha alinyanyuka cherehanini ili aonyeshe vitambaa. Akaweka kiganja mezani. Akabana pumzi. Akainuka. Akatabasamu.

"Hilo tabasamu," Nesi akasema polepole, "unanidanganya mimi au unajidanganya mwenyewe?"

Mama Pacha alitaka kukasirika. Maneno ya hasira aliyatafuta kabisa. Badala yake machozi yakamtoka puu, mbele ya mteja, vitambaa mkononi, na Nesi akashika vile vitambaa akajifanya anachagua rangi mpaka mwenzake akamaliza. Kisha akamwambia kwamba kila Alhamisi jioni, kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, ana darasa la yoga.

"Yoga!" Mama Pacha akapenga kamasi. "Mdogo wangu, mimi kuvaa soksi tu ni kesi. Nimeona picha zao, mtu ameweka mguu nyuma ya shingo."

"Kwangu hakunjwi mtu. Kwangu mtu anaegemezwa. Njoo."

Akaenda, zaidi kwa adabu kuliko kwa imani. Kilikuwa chumba cha kawaida, mapazia ya bluu, feni moja yenye kelele, mikeka sakafuni, na rundo la mablanketi ya kuazima ya zahanati. Nesi alikunja blanketi akaliweka chini ya magoti ya Mama Pacha, jingine chini ya kichwa, mengine madogo chini ya kila mkono, hata viganja vikapata pa kulala. Akamfunika macho kwa kitambaa chepesi. "Kazi ya leo ni kuacha kazi," akawaambia wote. "Vuta pumzi kama kawaida, itoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Na anayeumia aseme, tutabadilisha. Hapa hakuna tuzo ya uvumilivu."

Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Mwili ambao umejibana miaka mingi huuambii tu legea ukalegea. Na mara alipotulia, wasiwasi ukapata nafasi ya kuzungumza: pasi! Je, aliizima pasi? Karakana imejaa sponji na gundi, moto ukianza pale hata misumari haibaki. Akainua kichwa. Nesi alikuwa amechuchumaa kando yake. "Wasiwasi unakuja tu," akanong'ona. "Usiufukuze. Lakini usiupikie chai."

Wiki zikapita. Alhamisi moja Mama Pacha akasikia mtu anakoroma chumbani, akachukia kweli, watu gani hawa wasio na adabu, kisha akashtuka kwamba ni yeye. Sitakudanganya kwamba maumivu yaliondoka. Hayakuondoka. Ila yalirudi nyuma hatua chache, na katika nafasi ile ndogo yeye akapata kupumua. Ijumaa yake ikawa tofauti na siku nyingine. Aliweza kushona mpaka saa ya kufunga bila kwenda chooni kulia. Ile saa moja ikawa mali yake peke yake, na aliitazamia tangu Jumatatu.

Wenzake walikuwa wachache. Karani mstaafu wa mahakama, mwenye shingo isiyogeuka, mpole hata mlango akiugonga anauomba radhi. Dereva wa malori, pande la mtu, aliyeumia nyonga na toka hapo akawa anaogopa hata kuvuka barabara. Na mama mmoja muuza vyombo sokoni, magoti yote mawili mabovu, mdomo mzima, ambaye watu walimpa jina la Kimbelembele na yeye akalipokea kwa mikono miwili. Watu wa kila namna, lakini fani yao ilikuwa moja: kuficha. Mtu aliyeumwa muda mrefu anajua kwamba ukisema leo utaonewa huruma, ukisema kesho utapewa pole, ukisema keshokutwa watu watatazama saa. Kwa hiyo anajifunza uso. Wale wote walikuwa na nyuso nzuri sana.

Na Baba Pacha? Alipoambiwa kwamba kuna mazoezi ya kulala, alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mimi nina digrii na sikujua!" Lakini Alhamisi ikifika alikuwa akizima redio na kusema, "Mama, darasa lako," na kumsindikiza hadi kwenye kona.

Ndipo zahanati ilipohitaji mablanketi yake. Wagonjwa wameongezeka, hakuna ubaya. Nesi akaona ni wakati apate mito yake mwenyewe, ile mirefu ya kuegemea, na angeipeleka wapi kama si kwa Baba Pacha? Yule bwana alisimama kama aliyeitwa kupamba ikulu. "Ya darasa la mama watoto? Hapo sifanyi mchezo!" Akafungua gunia la usufi safi aliokuwa akiuweka akiba. Akajaza. Akashindilia kwa mpini wa nyundo. Akaukalia mto, akarukaruka juu yake, akausimamisha, akaongeza usufi, akashindilia tena, huku anaimba kwa pua. Kwa siku zile chache alikuwa kijana.

Mama Pacha alitazama kutoka cherehanini. Aliona kwamba mto ukisimamishwa unasimama wenyewe kama pipa. Akaubonyeza kwa kiwiko, kiwiko kikarudi. Akafungua mdomo aseme.

"Umeona?" Baba Pacha akamwahi, jasho linamtoka, uso unang'aa. "Hii sasa ndiyo dawa. Nisije nikasikia mtu anasema mumeo hajali."

Wewe ungesema nini? Alichukua sindano ndefu, akafunga mdomo wa mto kwa uzi maradufu, na wa kwake pia.

Alhamisi ile watu waliipokea mito kwa vifijo. Kitambaa cha kijani kilichoiva, mishono iliyonyooka, kazi ya watu wawili wanaojua kazi. Nesi akaipanga, watu wakalala, macho yakafunikwa, feni ikalia. Loo! Mama Pacha aliegeshwa mgongo kwenye kitu kama gogo. Mbavu zilifunguka kuliko zilivyotaka kufunguka. Chini ya magoti, gogo jingine. Maumivu yakapanda kutoka kiunoni kwa haraka, yamechangamka, kama yaliyokuwa yakisubiri mwaliko. Akasikiliza wengine. Kimya kama maji ya mtungi.

"Kuna anayeumia?" Nesi akauliza.

"Hapana," akasema Karani. "Asante sana."

"Safi kabisa," akasema Dereva, kwa sauti nyembamba kidogo.

"Mimi sitaki hata kuamka," akasema Kimbelembele.

"Raha tupu," akasema Mama Pacha.

Watu wazima wanne, waliokuja kupumzisha maumivu, wamelalia magogo na kusifu! Kila mmoja alidhani ni yeye tu. Mama Pacha alijiambia kwamba kama wenzake wanaona raha, basi kasoro iko mwilini mwake, kama siku zote. Naye Nesi, ambaye kazi yake ni kuzunguka na kufunika watu na siyo kulala, aliona nyuso zimetulia. Nimekwambia zilikuwa nyuso nzuri.

Wiki iliyofuata Karani hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana mgeni. Halafu Kimbelembele naye akawa na mzigo wa kupokea sokoni. Dereva alikuja, akalala, akainuka kama mtu anayetoka chini ya lori, akasema safi kabisa, na Alhamisi iliyofuata hakuonekana. Mama Pacha akabaki peke yake na Nesi, na mito ile imesimama ukutani inawatazama.

"Labda mimi sifai kufundisha," Nesi akasema, anakunja mikeka. Hakuwa analalamika, alikuwa anawaza kwa sauti. "Mwezi huu ukiisha nitarudisha ufunguo wa chumba. Afadhali nirudi wodini."

Mama Pacha alirudi nyumbani miguu mizito. Asubuhi yake akaenda moja kwa moja sokoni, akamkuta Kimbelembele amekaa kati ya masufuria yake.

"Mwenzangu, mbona darasani mmenitupa?"

Kimbelembele akatazama kulia, akatazama kushoto, akapangusa sufuria ambayo haikuwa na vumbi. Ule mdomo uliowashinda askari wa manispaa ulikuwa umekwama. Mwisho ukalipuka. "Mama Pacha, nisamehe, lakini ile mito ya mumeo ni magogo! Nililala pale nikaona marehemu bibi yangu ananipungia mkono!"

"Kumbe na wewe?"

"Kumbe na wewe? Si ulisema raha tupu?"

"Si na wewe ulisema hutaki kuamka?"

"Nilikuwa siwezi!"

Wakatazamana. Wakacheka, wakashikilia meza, wakacheka mpaka magoti ya huyu na mgongo wa yule vikaomba msamaha. Kisha Kimbelembele akafuta macho. "Tuliona aibu. Tulijua ametengeneza kwa upendo, na wewe mwenyewe ulishona. Nani aanze?" Akaweka sufuria chini. "Mwambie, Mama Pacha. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mdomo wangu unaujua."

Hapo kicheko kikaisha. Kumwambia! Baba Pacha si mtu wa kelele, wala hajawahi kumnyanyulia mkewe hata kikombe. Alichoogopa Mama Pacha ilikuwa sentensi moja tu, ambayo aliisikia tayari masikioni: "Mto hauna kasoro." Alishaambiwa mara moja kwamba kisichoonwa na daktari hakipo. Akiambiwa tena, na safari hii kwa kitu anacholalia kwa mgongo wake mwenyewe, alijua ndani ya roho yake kwamba hatamwambia tena mume yule jambo lolote la maana. Wangeishi. Wangekula meza moja, wangeulizana habari za mapacha. Lakini angekuwa amefunga duka. Na akikaa kimya, darasa linakufa, na pamoja nalo ile saa moja ya wiki ambayo ni yake.

"Baba," alisema siku hiyo karakanani, "ile mito..."

"Eh! Wanaisifia, sivyo?"

"Njoo Alhamisi. Uone wenyewe wanavyolala."

Mwoga huyo! Lakini usimcheke, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kimbelembele akawazungukia wengine, akawaburuta. Alhamisi wote wakaja, na Baba Pacha naye akaja, ameoga, amevaa shati lake la sherehe, mkoba wa kazi begani kwa sababu bila mkoba hujiona uchi. Alidhani anakuja kushukuriwa. Alimpa kila mtu mkono. Nesi alimpa kiti karibu na dirisha, akakaa mgongo wima, akatazama mito yake ya kijani ikichukuliwa moja moja na kuwekwa chini ya watu, na kifua kikamjaa.

Watu wakalala. Macho yakafunikwa. Feni ikalia.

"Kuna anayeumia?"

"Hapana, asante," akasema Karani. Mazoea mabaya hayo!

"Safi," akasema Dereva.

Kimbelembele akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, upande wa Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa amelala gizani chini ya kitambaa chake. Alifanya alichofundishwa: akatoa pumzi taratibu. Kisha akakiondoa kile kitambaa usoni, maana jambo kama hilo huwezi kulisema umefunikwa macho.

"Mimi," akasema. "Inauma."

Baba Pacha alikuwa amefika tayari, amepiga goti, kidole kiko kwenye mto. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akapiga ngumi katikati. Mto haukutikisika. Uso wake ulionyesha kushangaa kwa kweli. "Mama, mbona hauna kasoro?"

Ikawa imesemwa. Mama Pacha alisikia kitu ndani yake kikianza kufunga mlango, kama kilivyozoea, na safari hii akakiwekea mguu.

"Sijasema mto una kasoro," akasema. "Nimesema mimi naumia. Ukibonyeza mto hutanikuta mimi humo."

"Na mimi naumia," ikatoka sauti nzito ya Dereva chini ya kitambaa chake.

"Na mimi, fundi, samahani sana," akasema Karani.

"Mimi nilishazikwa," akasema Kimbelembele.

Nesi akashika mdomo. Baba Pacha alitazama duara lile la watu waliolalia kazi ya mikono yake, na masikio yakamwiva. Alisimama. Akashika mkoba wake. Mama Pacha aliutazama mgongo wake ukielekea mlangoni, ndani ya shati la sherehe, na akafikiri: haya, ndiyo imekwisha.

Baba Pacha alifika mlangoni, akasimama pale kitambo, anapumua kwa pua. Kisha akarudi. Akakaa sakafuni, chini kabisa, pembeni ya mkewe, akafungua mkoba, akatoa kisu kidogo cha kukatia nyuzi. Akauvuta mto kwa upole kutoka chini ya mgongo wa mkewe, akaufumua mshono wa upande, akaingiza mkono, akatoa konzi ya usufi. Akaurudisha mto mahali pake.

"Bado?" akauliza.

"Bado."

Konzi nyingine. "Bado?"

"Bado."

Usufi ulianza kupaa kwa upepo wa feni, ukatua kwenye nywele za Karani, ukamwingia Kimbelembele puani. Hakuna aliyecheka. Baba Pacha alitoa na kutoa. Mkono ulisita mara moja, katikati, pale ambapo mto ulibonyea kwa mara ya kwanza na yeye akaona kwa macho yake. "Mama, sasa hili ni gunia," akasema, karibu kwa kuomba. "Nikimpa mteja hili atanitukana."

"Bado, baba."

Akatoa. Sasa hakubonyeza tena kwa kidole. Kidole hakikuwa na cha kumwambia. Alikuwa akimtazama mkewe usoni, na kusubiri, na kutoa kidogo, na kumtazama tena.

"Hapo," akasema Mama Pacha.

Mgongo ukashuka ndani ya mto. Mabega yakafuata. Kile kikunjo kati ya nyusi zake kikafunguka polepole mpaka paji likabaki laini, na mdomo ukalegea, na Baba Pacha akaona uso ambao hakuwa ameuona kwa miaka. Kwanza alifurahi. Halafu akaelewa. Ikiwa huu ndio uso wake, basi ule mwingine, ule wa kila siku, ule uliokaa mbele yake mezani na cherehanini na kusema salama, ulikuwa ni nini? Konzi ya mwisho ya usufi ilikuwa bado mkononi mwake, ameisahau.

"Ndivyo unavyoumwa hivyo siku zote?" akauliza.

"Siku zote."

"Na ukiwa kwenye cherehani?"

"Hasa kwenye cherehani."

Macho ya Baba Pacha yalikuwa yamejaa, na yeye ni mtu asiyejua kulia, hakujua ayapeleke wapi. "Mama Pacha. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Baba Pacha akafungua mdomo, na wote pale walijua ni jibu gani lilikuwa limezoea kutoka mdomoni mule. Halikutoka. Dereva alivuta kitambaa chake vizuri zaidi juu ya macho, akajifanya amelala.

Baba Pacha akasogea karibu, akalaza kiganja chake, bila kubonyeza, juu ya mkono wa mkewe.

"Basi niambie tena," akasema. "Nasikiliza."

Na Mama Pacha, akiwa bado amelala, macho yako kwenye dari, akaanza kumwambia.